Nta ya soya, ya nyuki au parafini: mshumaa wako wa kwanza utumie ipi?

Nta ya soya inamfaa sana anayeanza, lakini kwa aina moja tu ya mshumaa: ule wa harufu unaokaa ndani ya glasi au kopo. Ukitoka hapo, jibu linabadilika. Anayetaka mshumaa mrefu wa kusimama kwenye kinara, tena katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, atahangaika na soya kwa kazi ambayo nta ya nyuki inaifanya bila shida. Na anayetaka mishumaa ya bei ndogo ya kuwasha umeme unapokatika hana sababu ya kuikwepa parafini. Wengi hununua mfuko mzima wa nta kwa sababu imesifiwa mtandaoni, ndipo wakae chini kujiuliza watengeneze nini. Amua kwanza mshumaa unaoutaka, kisha uende dukani.

Tuanze na asili ya kila moja, maana inaeleza mengi kuhusu bei na tabia yake. Nta ya soya ni mafuta ya maharage ya soya yaliyoongezewa haidrojeni kiwandani hadi yakaganda. Ni bidhaa changa. Mmarekani Michael Richards, wa jimbo la Iowa, ndiye aliyeitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1990, akitafuta kitu cha bei nafuu kuliko nta ya nyuki. Soya yenyewe inalimwa hata kwetu, Ruvuma kwa mfano, lakini nta yake tunayoikuta madukani imeagizwa kutoka nje, nayo huja kama chengachenga nyeupe ndani ya mifuko. Parafini hutokana na usafishaji wa mafuta ghafi ya petroli, na ndiyo iliyomo kwenye ile mishumaa myeupe ya dukani. Hapa nasema nta ngumu ya parafini, siyo mafuta ya taa ambayo watu wengi, hasa Kenya, huyaita kwa jina hilohilo. Nta ya nyuki haihitaji utambulisho. Misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Singida imeitoa kwa vizazi vingi, na imekuwa ikisafirishwa kwenda Ulaya tangu enzi za Wajerumani.

Kwa kuzitazama pamoja, hali iko hivi:

| | Soya ya glasi | Nta ya nyuki | Parafini |
|---|---|---|---|
| Joto la kuyeyuka (sentigredi) | takriban 46–54 | 62–64 | takriban 52–62, kutegemea aina |
| Umbo linaloifaa | glasi, kopo | kinara, kalibu, kuchovya | karibu yote |
| Mafuta ya harufu | asilimia 6–10 | kidogo au hakuna | asilimia 5–8 |
| Kusubiri kabla ya kuwasha | wiki 1–2 | siku 1–2 | siku 2–5 |
| Kuosha vyombo | maji ya moto na sabuni | shida kubwa | shida kiasi |

Mstari wa kwanza wa jedwali ndio wenye uzito kwetu. Maelekezo mengi ya mishumaa ya soya yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako chumba huwa na nyuzi 20. Dar es Salaam, mwezi wa Februari, kivulini tu ni nyuzi 32 au zaidi, na ndani ya gari lililofungwa juani joto linapita nyuzi 50. Nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 48 haisubiri kufika huko ndipo ilegee. Hulainika mapema, utambi ukaegama upande, na juu ya mshumaa vikatokea vitone vya mafuta. Hapo mteja atakupigia: "Dada, mshumaa wako unatoa jasho." Vitone hivyo kwa kawaida ni mafuta ya harufu ambayo nta imeshindwa kuyashika, na kadiri ulivyozidisha harufu ndivyo yatakavyotoka.

Kwa anayeishi pwani, kwa hiyo, ushauri wangu una sehemu mbili. Ukinunua soya, tafuta ile ya glasi inayoyeyuka kwenye nyuzi 51 na kuendelea, na uishie asilimia 6 au 7 ya harufu hata kama mfuko umeandikwa 10. Pili, jaribu kuongeza nta ya nyuki kidogo ndani ya soya, asilimia 5 hadi 10 ya uzito. Inaukaza mshumaa, nao unastahimili joto vizuri zaidi, ingawa utambi nao itabidi uupandishe saizi moja. Mchanganyiko huo ndio ninaoupenda kuliko soya tupu. Kama unauza, peleka mizigo asubuhi. Boksi la mishumaa ya soya lililofungwa nyuma ya bodaboda saa nane mchana linafika likiwa na mambo.

Njombe, Lushoto au Limuru shida ni nyingine kabisa. Huko nta hupoa haraka mno, na soya ikipoa haraka huota ukungu mweupe kama chumvi, au hubanduka kwenye glasi ukaona mabaka ya hewa. Mshumaa haujaharibika, utawaka sawasawa, ila haupendezi. Dawa yake ni kuzipasha glasi joto kidogo kabla ya kumimina, kuziacha na nafasi baina yake, na kutoziweka juu ya sakafu ya saruji wala karibu na dirisha. Usizitie kwenye friji kwa kutaka zigande upesi.

Kuhusu nta ya nazi, ambayo nayo inasifiwa sana siku hizi, niseme kwa ufupi: ikiwa peke yake ni laini mno kwa hali ya hewa ya pwani. Iache hadi utakapokuwa umezoea.

Sasa tazama kazi yenyewe ilivyo ukitumia soya. Chukua kilo 1 ya nta na gramu 70 za mafuta ya harufu, yaani asilimia 7. Hiyo inajaza glasi sita za mililita 250 na kuacha nafasi juu. Kila kitu pima kwa mizani ya jikoni, usipime kwa vikombe, maana chengachenga hudanganya macho. Kujua glasi yako inachukua nta kiasi gani, ijaze maji hadi unapotaka nta ifike, pima uzito wa maji hayo, kisha zidisha kwa 0.86. Maji ya gramu 200 yana maana ya nta ya gramu 172 hivi.

Weka nta kwenye jagi la chuma, na jagi ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole. Nta ikishafika nyuzi 85, itoe jikoni, mimina harufu, koroga taratibu kwa dakika mbili kamili bila kupiga mapovu. Halafu subiri. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Mwanzoni nta huwa angavu na ya manjano kidogo, ungeweza kudhani ni mafuta ya kupikia. Inapozidi kupoa, pembeni mwa jagi panaanza kuota utando mwembamba mweupe, na rangi ya katikati inafifia. Kipimajoto kikisoma nyuzi 57 hivi, mimina kwa mkondo mwembamba, polepole. Aina nyingine za soya hutaka joto tofauti la kumiminia, kwa hiyo fuata maandishi ya mfuko yakitofautiana na haya. Uso wa mshumaa ukiganda na vinundu, pitisha kikausha nywele juu yake hadi ulainike na kujisawazisha.

Baada ya hapo, funika na usubiri wiki moja, ikiwezekana mbili. Soya inayowashwa siku ya pili hutoa harufu hafifu, na anayeanza hudhani mafuta yake ni mabovu, akaongeza zaidi safari inayofuata. Parafini kwa jambo hili inaishinda soya waziwazi: hutoa harufu kali, na baada ya siku chache tu iko tayari. Udhaifu wa parafini ni kwamba husinyaa sana inapoganda na kuacha shimo kuzunguka utambi, hivyo lazima ubakize nta kidogo ya kujaza mara ya pili.

Kama kuna kitu kimoja cha kukipa muda wako, ni utambi. Nta zote tatu hugeuka mbaya utambi usipolingana nazo. Utambi mdogo kwenye glasi pana huchimba shimo katikati, moto ukazama na kuzimika huku nta nzima imebaki pembeni. Utambi mkubwa hutoa moto mrefu unaochezacheza, glasi ikapata masizi na kuwa ya moto isiyoshikika. Ulinganisho wa nta hapa uko wazi: kwa kipenyo kilekile, parafini hutosheka na utambi mwembamba, soya hutaka mnene kiasi, na nta ya nyuki, ambayo ikiyeyuka ni nzito, hutaka mnene kuliko zote. Ndiyo maana huwezi kubadilisha nta na kubaki na utambi uleule.

Jaribio lake ni rahisi. Nunua saizi tatu zinazofuatana, tengeneza glasi tatu zinazofanana kwa kila kitu kingine, na baada ya wiki mbili ziwashe kwa saa nne mfululizo ukiwa hapohapo. Chukua rula. Kufikia saa ya tatu au ya nne, nta iliyoyeyuka iwe imegusa ukingo wa glasi pande zote, na kina chake kiwe kati ya milimita 6 na 12. Ikiwa haijagusa, panda saizi. Ikiwa imegusa ndani ya saa moja na nusu, au ncha ya utambi imeota kitu kama uyoga mweusi, shuka. Andika saizi iliyokubali kwenye karatasi pamoja na jina la glasi, la nta na la harufu, kwa sababu hata kubadilisha harufu kunaweza kuvuruga matokeo. Tambi za pamba ndizo salama kuanza nazo. Ukiuziwa zenye waya katikati bila maelezo, ziache. Marekani ilipiga marufuku tambi zenye kiini cha madini ya risasi mwaka 2003, na huna njia ya kujua ya kwako ina nini.

Watu wengi huchagua soya kwa kuogopa moshi wa parafini. Hofu hiyo imekuzwa kupita kiasi. Nta zote tatu kwa sehemu kubwa ni kaboni na haidrojeni, na zikiungua vizuri hutoa hewa ya kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Masizi hutokea mwako usipokamilika: utambi mrefu, upepo wa feni, harufu iliyozidishwa. Mshumaa wa soya wenye utambi wa sentimita 2 utaichafua dari kuliko wa parafini uliokatwa milimita 6. Kwa mwenye pumu, tahadhari ya kwanza ni kuepuka mishumaa ya harufu katika chumba kilichofungwa, iwe ya nta gani. Zipo sababu njema za kuipenda soya: inatokana na mmea, na jagi lake linaoshwa kwa sabuni ya kawaida. Zinatosha.

Nta ya nyuki naipa nafasi ya pekee, kwa sababu naona tunaipita tukikimbilia mifuko iliyotoka ng'ambo. Haitaki mafuta ya harufu, maana ina harufu yake ya asali. Haitaki glasi, maana inasimama yenyewe, na joto la pwani haliilegezi kirahisi. Ukiinunua kwa warina asali ikiwa bado na mabaki ya masega, iyeyushe pamoja na maji, ichuje kwa kitambaa cha pamba, iache igande juu ya maji, kisha ukwangue uchafu uliojikusanya chini ya bonge. Rudia hadi iwe safi. Tumia sufuria ya alumini au chuma kisichoshika kutu, kwani chuma cha kawaida na shaba huifanya nta iwe nyeusi. Usiivushe nyuzi 85, nayo rangi yake ya dhahabu itabaki.

Tatizo ni nta iliyochanganywa. Wapo wanaoitia parafini ili wauze kilo nyingi. Vunja kipande kilichopoa: nta halisi hukatika kwa uso mkavu wenye chembechembe, na ukiikanda mkononi hulainika na kunukia asali. Iliyotiwa parafini huteleza vidoleni na harufu yake ni hafifu. Mshumaa wako ukifunikwa na vumbi jeupe baada ya wiki kadhaa usiogope, hiyo ni tabia ya nta ya nyuki halisi, futa kwa kitambaa chenye uvuguvugu.

Njia bora kwa anayeanza na nta hii ni kuchovya. Tafuta kopo refu, lijaze nta, lisimamishe ndani ya sufuria ya maji ya moto, na joto la nta likae kati ya nyuzi 70 na 75. Chovya utambi, utoe mara moja, uninginize dakika moja upoe, rudia. Mara za kwanza hutaona kitu. Kila mchovyo unaongeza tabaka jembamba, na baada ya michovyo 20 hadi 30 una mshumaa wa kinara. Ukikawia ndani ya kopo, unayeyusha ulichokwisha kukijenga. Kumimina nta ya nyuki kwenye glasi, kwa upande mwingine, simshauri anayeanza: hupasuka ikipoa haraka, hubanduka, na kuupata utambi unaoikubali ni kazi ndefu.

Upande wa bei, kulinganisha kilo kwa kilo kunapotosha. Kilo ya nta ya nyuki kwa kawaida ni ghali kuliko ya parafini, ndiyo. Lakini piga hesabu ya mshumaa mmoja uliokamilika. Kwenye mshumaa wa soya utalipia nta, glasi, kifuniko, harufu na lebo, na mara nyingi glasi na harufu hula pesa nyingi kuliko nta yenyewe. Kwenye mshumaa wa nyuki utalipia nta na utambi, basi. Hesabu hiyo ukiifanya kwa bei za soko lako, huenda ukashangaa nani ni ghali. Ila muda wako nao una thamani, na kuchovya kunachukua mchana mzima.

Kwenye harufu, mafuta yaliyotengenezwa maalumu kwa mishumaa ni rahisi zaidi kuliko mafuta asilia ya mimea, kwa kuwa mengi ya asilia hupotea kwenye joto. Ya machungwa na ndimu hupotea upesi kuliko yote. Karafuu ni tofauti. Kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kule Wawi, Pemba, hukamua mafuta ya karafuu, na harufu yake ni nzito yenye kudumu. Tumia kidogo, changanya na mchaichai au mdalasini, na vaa glavu kwa sababu huwasha ngozi. Manukato ya kujipulizia mwilini usiyatie kwenye nta hata kidogo, yana spiriti.

Usalama haubagui nta. Nta iliyopitiliza joto huweza kushika moto bila kuguswa na mwali, kwa hiyo usiiyeyushe moja kwa moja juu ya jiko la mkaa au gesi, na usiondoke. Ikishika moto, funika kwa kifuniko na zima jiko. Ukimwagia maji itaruka na kukuunguza. Glasi nyembamba za chai huweza kupasuka, chupa nene za jemu zinafaa zaidi. Na mshumaa usiwashwe karibu na chandarua, wala usiachwe ukiwaka watu wakiwa wamelala.

Kwa anayetaka kuanza mwezi huu, basi: ukiwa mjini na lengo ni zawadi au kuuza mishumaa ya harufu, nunua kilo 2 tu za soya ya glasi, harufu moja, saizi tatu za tambi na kipimajoto. Hakikisha mfuko unasema ni ya glasi, kwani ipo soya ya kalibu ambayo ni ngumu na haishiki glasi vizuri. Ukitaka mwanga tu wa nyumbani, parafini na kalibu ya bomba inakutosha. Ukiwa Tabora, Sikonge, Manyoni, au una ndugu huko, mwombe akutumie nta baada ya msimu wa kurina katikati ya mwaka, ikiwa kwenye mabonge na haijachanganywa, pamoja na bei ya jumla, ili ujue mapema kilo ngapi unaweza kuagiza safari ya pili.